Leseni ya kijana isitolewe yote kwa siku moja

Ndugu Mhariri,

Naomba unipatie nafasi katika ukurasa wako wa barua za wasomaji ili nami nitoe maoni yangu juu ya jambo lililonikaa moyoni kwa muda mrefu. Jambo lenyewe ni leseni za udereva tunazowapa vijana wetu. Najua barua yangu ni ndefu, lakini naomba isikatwe sana, kwa sababu somo lililomo nimelilipia kwa gharama ambayo simwombei mzazi mwingine ailipe.

Mimi ni dereva mstaafu wa malori. Nilianza nikiwa utingo mwaka 1981 na nikaacha kazi mwaka 2016. Kwa miaka hiyo yote nimepita njia ya Dar es Salaam hadi Tunduma, mchana na usiku, masika na kiangazi, gari tupu na gari lenye shehena. Sisemi haya kwa kujisifu. Nayasema ili wasomaji wenzangu waelewe kwamba anayeandika ni mtu anayejua gari ni kitu gani, na hata hivyo nilikosea.

Mwanangu wa tatu alimaliza kidato cha nne mwishoni mwa mwaka 2021, akiwa na umri wa miaka 18. Wakati akisubiri kujiunga na chuo nilimpeleka shule ya udereva. Alisoma vizuri. Alijua alama za barabarani kuliko mimi baba yake. Alipata leseni yake ya kujifunzia, akafundishwa kwa majuma matano, akapewa cheti, akajaribiwa na askari wa usalama barabarani, akafaulu, akalipa ada na kupewa kadi yake ya daraja B, la magari madogo ya binafsi. Kila hatua ilifuatwa. Hakuna aliyehongwa hata shilingi moja, na hilo nataka lieleweke, kwa sababu watu wetu wakisikia ajali ya kijana husema mara moja kwamba leseni ilinunuliwa. Hii haikununuliwa.

Katika majuma hayo matano mwalimu wake alimfundisha asubuhi tu, kati ya saa 2 na saa 4. Hakuendesha usiku hata mara moja, wala kwenye mvua. Hakuwahi kuwa na watu nyuma yake wanaocheka na kuimba. Aliyekaa pembeni yake siku zote alikuwa mtu mzima mwenye breki yake mwenyewe mguuni.

Aprili 2022, siku ya Jumamosi, vijana wa mtaani kwetu walialikwa kwenye sherehe ya kumuaga bibi harusi. Mwanangu akaniomba gari. Mama yake akasema, "Baba nanii, usiku huo, mtoto bado mgeni barabarani." Mimi nikajibu kwamba kijana ana leseni ya serikali, sasa tunamkatalia kwa sababu gani? Nikampa ufunguo kwa mkono wangu. Katika kurudi, kama saa 7 usiku, walikuwa 6 katika gari la watu 5. Kwenye kona lilitokea lori likiwa na taa kali. Dereva mzoefu hupunguza mwendo na kutazama ukingo wa kushoto wa barabara mpaka taa zipite. Mwanangu alizitazama taa zenyewe, akapoteza macho kwa muda mfupi, akavuta usukani kushoto kupita kiasi, gari likagonga ukuta wa kalvati. Hakuwa amelewa. Askari walimpima wakaona hana pombe.

Kijana wa jirani yangu alifariki kabla ya kufika hospitali. Alikuwa na miaka 17.

Kesi ilikwenda mahakamani na sitaki kuizungumzia hapa. Ninachotaka kusema ni maneno ya jirani yangu. Siku ya pili ya matanga nilikwenda kukaa naye kwenye mkeka. Tulikaa muda mrefu bila kusema. Kisha akaniuliza, "Mzee mwenzangu, huyu kijana wako alikuwa na leseni?" Nikamwambia alikuwa nayo. Akatikisa kichwa, akasema, "Sasa kama alikuwa nayo, mimi nimlaumu nani?" Sikuwa na jibu siku ile. Barua hii ndiyo jibu langu.

Ndugu Mhariri, tuitazame sheria yetu ilivyo. Udereva nchini unaongozwa na Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973. Tangu mwaka 2010 tumekuwa na leseni za kadi za kisasa, zilizogawanywa katika madaraja. Ziko za pikipiki, ambazo ni daraja A na matawi yake. Iko B ya magari madogo ya binafsi, iko C na matawi yake kwa magari ya abiria, iko E ya magari makubwa, na nyingine kwa mitambo ya shamba na machimbo. Mwisho iko H, ile ya kujifunzia, ambayo wengi huiita lena na ambayo hudumu miezi 3. Umri wa kuendesha gari ni miaka 18.

Huo ni mpango mzuri, lakini msomaji ataona kwamba madaraja hayo yote yamepangwa kwa aina ya chombo. Kuhusu dereva mwenyewe, hatua ni 2 tu: anajifunza, au amekwisha kujifunza. Leo ana kibao cha L na mwalimu pembeni. Kesho kibao kimeondolewa, mwalimu ameshuka, na kijana yule yule wa miaka 18 ana ruhusa sawa kabisa na mimi niliyeendesha miaka zaidi ya 30. Anaweza kwenda Mbeya usiku wa manane, kwenye mvua, akiwa na rafiki zake wanne, na hakuna atakayemwambia amevunja sheria. Kadi hiyo ataitumia miaka 5 kabla ya kuulizwa tena.

Serikali haikatai kwamba udereva una ngazi. Anayetaka kuendesha basi la abiria hudaiwa mafunzo ya ziada katika vyuo vinavyotambuliwa, kama vile Chuo cha Taifa cha Usafirishaji au VETA. Sababu iko wazi, kwamba roho za watu zimo mikononi mwake. Nami nauliza, je, wale vijana 5 waliokuwa na mwanangu hawakuwa roho za watu? Kwa kuwa hawakulipa nauli, ndiyo kusema hawakuwa abiria?

Sasa nitaeleza wenzetu wanavyofanya. Mdogo wangu anaishi Marekani, katika jimbo la Florida, na alikuja kutupa pole. Binti yake, ambaye kwangu ni mwanangu, alikuwa na miaka 16 na alikuwa ameanza kuendesha. Niliposikia kwamba kule mtoto huanza kujifunza akiwa na miaka 15, umri wa kidato cha pili kwetu, nilisema hao ni watu wasiojali watoto wao. Mdogo wangu akanieleza utaratibu wote, nikanyamaza.

Kwanza, mtoto wa miaka 15 hupewa leseni ya kujifunzia. Kwa miezi 3 ya mwanzo anaruhusiwa kuendesha mchana tu. Baada ya hapo anaweza kuendesha hadi saa 4 usiku. Wakati wote lazima akae naye kiti cha mbele mtu mwenye leseni aliyefikisha miaka 21. Leseni hiyo ataishika kwa mwaka mzima, na mzazi lazima athibitishe kwamba mtoto ameendesha saa 50, na kati ya hizo saa 10 ziwe za usiku. Pili, akifika miaka 16 na kufaulu mtihani, hupewa leseni nyingine ambayo si kamili. Anaweza kuendesha peke yake, lakini kuanzia saa 5 usiku hadi saa 12 asubuhi haruhusiwi, isipokuwa anakwenda au anatoka kazini, au yuko na mtu mzima mwenye leseni. Akitimiza miaka 17 katazo hilo hupunguzwa, likawa kuanzia saa 7 usiku hadi saa 11 alfajiri. Tatu, akitimiza miaka 18 makatazo hayo humwondokea.

Mdogo wangu alipofika kwenye ile saa 7 usiku, niliinuka nikatoka nje.

Utaratibu huo hawakuuanza Wamarekani. Nchi ya New Zealand iliuanza mwaka 1987 kwa leseni za hatua 3: ya kujifunzia, ya masharti na kamili. Mwenye leseni ya masharti haendeshi kuanzia saa 4 usiku hadi saa 11 alfajiri, wala habebi marafiki, bila kuwa na dereva mzoefu pembeni. Florida ilifuata mwaka 1996, na baadaye majimbo mengine ya Marekani, kila moja kwa namna yake. Huko California, kijana wa chini ya miaka 18 hakubaliwi kubeba watu wa chini ya miaka 20 katika mwaka wake wa kwanza, mpaka awe na mtu mzima mwenye leseni.

Makatazo hayo ya usiku na ya marafiki hayakutungwa kwa kubahatisha. Wataalamu walipochunguza ajali za vijana waliona kwamba hatari kubwa iko katika miezi ya kwanza baada ya kijana kuachwa peke yake, kwamba usiku humzidishia hatari hiyo, na kwamba kila rafiki anayeongezeka ndani ya gari humwongezea nyingine. Uchunguzi uliofanywa baada ya sheria hizo kuanza umeonyesha kwamba ajali za madereva wa umri huo zilipungua. Ajali hazikwisha, la hasha. Zilipungua. Nami ningeridhika na kupungua kwa ajali moja tu.

Najua yupo msomaji anayesema sasa kwamba huyu mzee anataka kutuletea mambo ya Ulaya na Marekani. Naomba anisikilize. Utaratibu huo sisi tulikuwa nao kabla ya New Zealand. Tulikuwa nao juu ya malori, na jina lake lilikuwa utingo.

Mwaka wangu wa kwanza sikugusa usukani. Kazi yangu ilikuwa kuosha gari, kubeba kigogo cha kuzuia tairi, kufunga turubai na kumwongoza dereva akirudi nyuma. Mwaka wa pili nilianza kulisogeza gari ndani ya yadi. Leseni niliipata mwaka 1983, nikaileta kwa dereva wangu kwa furaha kubwa. Aliitazama, akanirudishia, akasema, "Vizuri. Hiyo ni ya kumwonyesha askari. Ya kwangu bado." Akaanza kunipa usukani kwenye njia iliyonyooka, mchana, gari tupu. Baadaye akanipa gari lenye mzigo. Katika mbuga ya Mikumi alinifundisha kwamba mnyama mmoja akivuka barabara usiondoe mguu kwenye breki, kwa maana wa pili yuko nyuma yake. Usiku alinipa baada ya mwaka, tena akiwa macho pembeni yangu. Na mlima Kitonga nilikabidhiwa mwaka 1985. Miaka 2 nilikuwa na leseni ya serikali mfukoni, na ruhusa ya Kitonga sikuwa nayo.

Wakati ule nilimwona mzee yule ana roho mbaya. Leo najua ndiye aliyenifikisha kwenye pensheni. Na kinachonichoma ni hiki: alichonifanyia mtu baki, mimi sikumfanyia mwanangu wa kumzaa. Niliona kadi ya serikali nikadhani kazi yangu imekwisha.

Kwa hiyo, Ndugu Mhariri, natoa mapendekezo yafuatayo kwa wahusika, yaani Kikosi cha Usalama Barabarani, Wizara, na Waheshimiwa Wabunge wetu.

Kwanza, muda wa leseni ya kujifunzia uwe walau miezi 6 kwa kila mwombaji wa chini ya miaka 21, na awe na daftari la kuandikwa saa alizoendesha. Saa kadhaa ziwe za usiku na kadhaa za mvua. Daftari lisainiwe na mwalimu au mzazi mwenye leseni, na askari alione kabla ya kumjaribu.

Pili, iwepo leseni ya kati kwa mwaka mmoja wa kwanza. Mwenye leseni hiyo asiendeshe baada ya saa 4 usiku bila mtu mzoefu pembeni, na asibebe zaidi ya kijana mmoja wa rika lake. Wanaokwenda kazini, au wanaompeleka mgonjwa, wasiguswe na katazo hilo.

Tatu, anayevunja masharti hayo asitozwe faini tu na kuachwa aende zake. Muda wake wa leseni ya kati uongezwe. Faini hulipwa na baba, lakini muda kijana ataulipa mwenyewe.

Nne, ngazi hizo ziwahusu pia vijana wa bodaboda. Mwenye leseni mpya ya pikipiki aanze na mchana.

Yatakuwapo maswali. Wengine watasema masharti zaidi ni mianya zaidi ya rushwa barabarani. Hofu hiyo nimeifikiria, na siwezi kuipuuza kwa kuwa nimesimamishwa barabarani kwa miaka 35. Lakini tukikataa kila sheria kwa kuogopa atakayeiuza, tutabaki bila sheria yoyote. Tena sharti la namna hii huanza kulindwa nyumbani. Baba aliyeandikiwa kwenye kadi ya mwanawe kwamba usiku hairuhusiwi, ana neno la kusema ufunguo ukiombwa. Mimi sikuwa nalo.

Wengine watasema kijana anatafuta riziki, na bodaboda wa usiku ndiyo mwenye hesabu nzuri. Ni kweli. Lakini tuseme ukweli wote. Wengi wa watoto tunaowaona juu ya pikipiki hawana leseni ya daraja lolote, wala umri. Huyo sheria ya leseni ya kati haitamfikia. Wa kufikiwa hapo ni tajiri aliyempa mtoto pikipiki kwa mkataba ili amletee hesabu kila jioni. Mtoto akikamatwa, na mwenye chombo aitwe. Akivunjika mguu, mwenye chombo aulizwe alimpa ufunguo akitazama nini. Mimi nimekwisha kuulizwa swali hilo, na najua lina uzito gani.

Shirika la Afya Duniani limeeleza kwamba watu wapatao milioni 1.19 walikufa kwa ajali za barabarani duniani mwaka 2021, na kwamba ajali ndizo zinazoua zaidi watu wa umri wa miaka 5 hadi 29. Hizo ni namba, na namba hazilii. Mimi kila asubuhi nikifungua dirisha naona uwanja wa jirani yangu, na baiskeli ya marehemu bado imeegemezwa ukutani.

Mwisho, napenda kuwaambia wazazi wenzangu kwamba tusisubiri Bunge. Binti yangu wa mwisho amepata leseni yake mwaka huu. Siku aliyoileta nilimpongeza, kisha nikampa karatasi niliyoiandika kwa mkono: miezi 3 mchana tu na mimi pembeni, miezi 3 usiku na mimi pembeni, kisha mwaka mmoja peke yake lakini si baada ya saa 4, na abiria si zaidi ya mmoja. Alisoma, akasema, "Baba, mbona kaka hukumwandikia?" Nikamjibu kwamba ndiyo sababu nakuandikia wewe. Akatia saini, nami nikatia saini. Karatasi nimeibandika ukutani, juu ya msumari tunaotundika funguo za gari.

Jirani yangu alikuja juzi kunijulia hali, akaiona. Aliisoma yote akiwa amesimama. Kisha akaniomba kalamu, na chini ya saini zetu mbili akaweka ya kwake.

Dereva Mstaafu,
Kihonda, Morogoro.